Faluda ya futari: ishike, lakini isikakamae

Ramadhani inapoingia, wanaonitafuta kuhusu faluda huja na kilio kimoja kati ya viwili. Wa kwanza anasema haikushika: adhana inakaribia na kwenye sinia kuna maziwa matamu yanayotembea. Wa pili anasema imeshika kupita kiasi, kijiko hakiingii, watoto wameitafuna wakaiacha. Wote wawili hulaumu maziwa, na maziwa hayana kosa. Faluda huharibika au hufaulu kwenye sufuria ndogo ya maji, ile ya kuyeyushia agari, yaani chainagrasi inayogandisha maziwa, kabla maziwa hayajaguswa. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye sufuria hiyo, na mengine nitayapita upesi.

Kwanza tuelewane ni faluda ipi. Jina limetoka Uajemi, na mpaka leo mjini Shiraz kuna faluda yao ya nyuzi nyembamba za wanga zilizogandishwa, zikatiwa sharabati ya waridi na ndimu. Uhindini ni kinywaji cha gilasi ndefu chenye tambi, mbegu za mrihani na aiskrimu. Sisi wa pwani, ukisema faluda Mombasa au Lamu, mtu anaelewa maziwa yaliyotiwa sukari na iliki, yakagandishwa kwa agari, yakakatwa vipande na kupambwa kwa lozi. Hii ndiyo ninayoieleza hapa.

Na kwa nini hasa Ramadhani? Sababu moja ni koo. Mtu aliyefunga tangu alfajiri kwenye joto la pwani, akishakula tende, uji, sambusa na viazi vya karai, hutamani kitu baridi kinachoteleza chenyewe. Sababu ya pili ni kwamba agari hushika hata bila friji. Nyumbani kwetu Mji wa Kale friji ilikuja nikiwa msichana mkubwa. Kabla ya hapo mama alikuwa akimimina faluda kwenye sahani za kauri, akazipanga sakafuni karibu na mtungi wa maji, ndiko kulikokuwa na ubaridi, akazifunika kwa kawa. Kufika alasiri zimeshika, na sahani mbili tatu zimeshatengwa za kupelekewa majirani.

Vipimo

Hivi vinatosha sinia la kiasi cha sentimita 20 kwa 30, vipande kama ishirini na nne:

- agari ya nyuzi gramu 10, au ya unga vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa, kama gramu 5
- maji mililita 300
- maziwa ya ng'ombe lita 1
- sukari gramu 150, yaani robo tatu ya kikombe cha mililita 250
- iliki punje 8
- zafarani nyuzi chache, ukiwa nayo
- arki ya waridi kijiko 1 cha chakula
- lozi kiganja kimoja
- chumvi, ile ya kubanwa kwa ncha za vidole viwili

Tafadhali pima. Najua wengi wetu tunapika kwa jicho, na kwa mchuzi jicho linatosha. Lakini faluda ya futari inapikwa na mtu aliyefunga, ambaye hawezi kuonja akaongeza. Masheikh wengi huruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na ateme, ila mimi huona raha kutohitaji kufanya hivyo. Kama nyumbani kuna mtoto asiyefunga bado, mpe yeye kijiko. Atakuambia ukweli kuhusu sukari bila kukuonea haya.

Kuhusu maziwa: maziwa mabichi ya kuchemsha mwenyewe yanatoa faluda nzuri kuliko ya pakiti, kwa sababu mafuta yake hayajapunguzwa. Ukitumia ya pakiti, toa robo lita, weka badala yake maziwa ya kopo yasiyotiwa sukari, utapata ule uzito. Ukipenda maziwa mazito matamu ya kopo, tia nusu kopo, na sukari ishuke mpaka vijiko vitatu vya chakula. Wengine hutia kopo zima na sukari juu yake. Sikushauri. Aliyetoka kula tende na kaimati hahitaji utamu wa kumkaba.

Agari ni nini

Dukani utaiomba kwa jina la chainagrasi. Marikiti, Mombasa, utaikuta kwenye maduka ya viungo, karibu na iliki na lozi. Ya nyuzi huonekana kama majani makavu meupe, nyepesi mno, gramu 10 zinajaza kiganja. Hutolewa kwenye mwani mwekundu wa baharini, na Wajapani waliijua karne nyingi kabla ya wengine wetu. Hutengenezwa kwa kuchemsha mwani, kuugandisha ule urojo kwa baridi kali, kisha kuuacha uyeyuke ili maji yatoke na nyuzi zibaki. Likumbuke hili, tutalihitaji mbele.

Kwa kuwa inatoka baharini, haina shaka kwa Mwislamu. Jelatini ni jambo jingine: hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe, kwa hiyo usiinunue bila kuona alama ya halali. Hata ukiipata ya halali, haifai kwa kazi hii. Jelatini huyeyuka kwa joto la chumba chetu; ukiitoa kwenye friji na kuipeleka kwa jirani, inafika ikiwa mchuzi. Agari ikishashika hairudi kuwa maji mpaka ifike karibu nyuzi joto 85.

Swali jingine hutoka kwa ndugu zetu wa Unguja: je, mwani unaolimwa Paje na Jambiani hauwezi kufanya kazi hii? Mwani ule wa kilimo, ulioanza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, hutoa karajinani, ambayo nayo hugandisha maziwa lakini kwa tabia yake tofauti. Ukiweka unga wa mwani kwa kipimo cha agari hutapata faluda hii.

Kuiloweka na kuiyeyusha

Ikiwa ni ya nyuzi, ikate kwa mkasi vipande vya urefu wa kidole, ioshe mara moja, iloweke kwenye maji baridi nusu saa. Italainika na kuvimba. Ukiwa na haraka unaweza kuacha kuiloweka, lakini utalipa muda huo jikoni, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuiepua kabla haijayeyuka.

Ikamue, yamwage yale maji ya kulowekea, itie kwenye sufuria ndogo pamoja na zile mililita 300 za maji safi. Teleka kwa moto wa kadiri. Ikianza kuchemka, punguza moto na koroga.

Hapa ndipo penyewe. Agari huyeyuka vizuri kwenye maji matupu. Kwenye maziwa huyeyuka kwa shida, na sukari nayo huyanyang'anya maji ambayo agari inayataka. Anayetupa nyuzi moja kwa moja ndani ya maziwa yenye sukari anaweza kukoroga hadi mkono uchoke, na bado akakuta vipande kama kucha kwenye faluda. Kwa hiyo maji peke yake, agari peke yake, dakika nane mpaka kumi za kutokota polepole. Usiende kujibu simu. Kila baada ya muda chota kwa kijiko, kielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona hata uzi mmoja unaoelea, bado. Ikiwa tayari, maji yatakuwa yamenenepa kidogo, yanang'aa, na kijiko kitatoka kimevaa utando mwembamba usio na chembe.

Ikiwa ni ya unga, usiitupe kwenye maji ya moto, itafanya madonge. Ikoroge kwanza kwenye maji baridi, yale yale mililita 300, iache dakika tano, ndipo uteleke. Yenyewe huyeyuka kwa dakika tatu nne za kuchemka.

Maji yakipungua sana kwa kuchemka, ongeza kidogo ya moto. Usiache yakauke, kwani agari ikishikana na sufuria huungua, na harufu yake haifichiki kwa iliki.

Maziwa yake

Huku agari inayeyuka, jiko la pili liwe na maziwa. Usisubiri. Mambo haya mawili yanatakiwa yakutane yote yakiwa ya moto. Mwaka mmoja nilikuwa na wageni, nikaona nifupishe kazi, nikamimina agari ya moto kwenye maziwa niliyotoka kuyatoa kwenye friji. Iliganda papo hapo ikawa nyuzinyuzi na madonge, na maziwa yakabaki maji. Agari huanza kushika ikishuka chini ya nyuzi joto 40 hivi, na maziwa ya friji yanaishusha hapo kwa kufumba na kufumbua.

Chemsha maziwa kwa moto wa kadiri pamoja na sukari, chumvi na iliki iliyotwangwa. Iliki itwange mwenyewe kwenye kinu, punje ndani, maganda nje. Ya unga ya dukani imeshapoteza nusu ya harufu yake. Koroga mpaka chini kabisa kwa mwiko ili yasishike. Yakipanda, shusha moto, yaache yatokote dakika kumi hivi. Hapo yanazidi uzito na kupata ile ladha ya maziwa yaliyopikwa, ambayo ndiyo tofauti kubwa kati ya faluda ya nyumbani na ya haraka. Ukitumia maziwa ya kopo, yatie sasa.

Zafarani iloweke pembeni kwenye vijiko viwili vya maziwa ya moto, uitie mwishoni pamoja na maji yake.

Chukua chujio, liweke juu ya sufuria ya maziwa, umimine ile agari ya moto ipite humo. Hata ukiwa na hakika imeyeyuka, chuja. Koroga, acha vitokote pamoja dakika tano. Epua, subiri povu litulie, ndipo utie arki ya waridi. Ukiitia juu ya moto, harufu yake yote itaishia hewani.

Jaribio la sahani

Usilipite jambo hili. Agari za madukani hazilingani nguvu. Pakiti ya mwezi huu inaweza kuwa dhaifu kuliko ya mwezi uliopita. Kabla ya kumimina, tia kijiko kimoja cha mchanganyiko kwenye sahani iliyokaa kwenye friji. Hesabu dakika mbili. Isukume kwa kidole.

Ikikunjamana kidogo na kukaa, inameremeta, inatikisika ukigonga sahani: mimina. Ikiwa bado inakimbia, yeyusha agari nyingine kidogo kwenye robo kikombe cha maji, uiongeze kupitia chujio kama mwanzo. Ikiwa ngumu, unaweza kuigeuza juu chini na haiachii alama ya kidole, ongeza maziwa ya moto nusu kikombe, ujaribu tena.

Na kama umekwisha kumimina, imeshika, ndipo unagundua kosa? Usiitupe. Agari ina hisani hii: inayeyuka upya. Ikatekate, irudishe kwenye sufuria na maziwa au maji kidogo, moto mdogo, koroga mpaka iwe laini kabisa na ianze kutokota. Rekebisha, jaribu kwenye sahani, mimina upya. Nimeokoa masinia mengi kwa njia hii, na aliyekula hakujua. Arki ya waridi tu ndiyo utakayohitaji kuongeza.

Kumimina

Lowesha sinia kwa maji baridi, yamwage, usilifute. Unyevu ule ndio utakaofanya vipande vitoke bila kuchanika. Mimina polepole ukiwa umeinamisha upawa karibu na sinia, ili usiingize hewa. Vipovu vinavyobaki juu viondoe kwa kijiko upesi, maana utando unaanza kufanyika ndani ya dakika chache.

Lozi ziwe zimelowekwa kwenye maji ya moto, zikamenywa na kukatwa nyembamba. Ukizinyunyiza mara tu baada ya kumimina zinazama. Subiri kama dakika tano, uso uanze kushika, ndipo uzitawanye: nusu yake itazama, nusu itakaa juu. Ndivyo ninavyoipenda.

Wanaotaka tabaka, nyeupe chini na ya waridi au ya kijani juu, wagawe mchanganyiko mara mbili na nusu moja waiweke kwenye moto mdogo mno isigande. Tabaka la pili limiminwe wakati la kwanza limeshika uso lakini bado ni vuguvugu. Ukisubiri mpaka lipoe kabisa, tabaka hazitashikana, zitaachana ukikata. Mimina juu ya mgongo wa kijiko ili usitoboe lile la chini. Rangi ni tone moja tu. Faluda ya waridi iliyokolea kama kitambaa haipendezi machoni wala haina ladha zaidi.

Iache kwenye meza mpaka ipoe, kama saa moja, kisha friji saa mbili. Kuiingiza ya moto kunaleta umande juu yake na kunapasha vyakula vingine vilivyomo. Magharibi ya Mombasa haipishani sana mwaka mzima, karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukianza kuloweka agari saa saba na nusu, baada ya kuswali adhuhuri, saa tisa faluda iko siniani, na alasiri yote imebaki kwa ajili ya sambusa.

Kukata na kuigawa

Tumia kisu chembamba kilicholoweshwa. Kata mistari iliyonyooka, kisha mingine hanamu, upate vipande vya pembe nne vilivyolala upande kama vya kashata. Kipande cha kwanza cha pembeni ndicho huvunjika, hicho ni cha mpishi.

Matunda nayapenda juu, si ndani. Embe bivu lililokatwa vidogo, ukiliweka saa ya kuandaa, linaendana nayo sana. Lakini usilipike ndani ya maziwa: uchachu hukata maziwa na kuidhoofisha agari. Nanasi na papai visivyopikwa vina kitu kinachofanya maziwa yawe machungu, kwa hiyo viache vikae kwenye sahani yao.

Kwa asiyekunywa maziwa ya ng'ombe, faluda ya tui inawezekana na ni tamu. Weka tui jepesi badala ya maziwa, uliache litokote bila kufurika, agari iingie kama kawaida, na kasimile, yaani tui zito la kwanza, kikombe kimoja, uitie mwishoni ukishaepua. Kasimile ikichemshwa kwa nguvu hukatika na kuacha mafuta juu ya faluda. Hii haihitaji zafarani, iliki inatosha.

Kumbuka kwamba kushika kwake bila friji hakumaanishi itakaa salama bila friji. Ni maziwa. Kwa joto letu, baada ya saa mbili juu ya meza irudishwe kwenye baridi, ikiwa imefunikwa, la sivyo itanuka vitunguu vya sambusa. Hukaa siku tatu. Siku ya pili utaona maji kidogo pembeni, yamwage, hayana ubaya. Usiiweke kwenye friza hata kama sinia ni kubwa na watu ni wachache. Nilikuambia nyuzi za agari hutengenezwa kwa kugandishwa na kuyeyushwa ili maji yatoke. Faluda ikiganda barafu itafanya vivyo hivyo, na utakapoitoa utakuta sifongo ndani ya dimbwi la maziwa.

Sinia la kwanza la mwezi huwa sililigusi mpaka nitenge za nje: sahani ya jirani wa kulia, ya jirani wa kushoto, na ya mzee wa ghorofani ambaye meno yamemwisha na sambusa hazimfai tena. Zake nazikata nene kidogo, bila lozi, na zinapelekwa nusu saa kabla ya adhana ili azikute zingali baridi.